Nani Atauguza, Nani Atachuma?

Katika nchi ya majani chai, Kericho na Bomet, mtoto mwenye ulemavu akipelekwa kupasuliwa, habari inayozunguka kijijini ni ya siku moja. Ameingia saa ngapi? Ametoka salama? Daktari amesemaje? Harambee iliitishwa kwa ajili ya siku hiyo, kanisa liliiombea siku hiyo, na bima ikikubali kulipa, hulipa siku hiyo pamoja na zile chache za wodini. Yanayofuata hayana harambee. Wiki sita za plasta, miezi ya mazoezi ya viungo, usiku wa kumgeuza mtoto kila saa mbili, miaka ya kurudi kliniki: yote huachiwa nyumba moja, na ndani ya nyumba hiyo, mara nyingi, mwanamke mmoja. Mikono ya mwanamke huyo ndiyo inayochuma majani yanayoilisha nyumba nzima. Nashikilia kwamba upasuaji wa mtoto hufaulia nyumbani au huharibikia nyumbani, na kwamba huku nyumba hiyo imebanwa na namna chai inavyolipwa. Asiyeielewa chai hataelewa kwa nini kidonda kilichoshonwa vizuri hufumuka, wala kwa nini mguu ulionyooshwa hurudi kupinda.

Watoto wenyewe si wa aina moja. Wako waliozaliwa na mgongo wazi, ambao wengi wao baadaye kichwa hujaa maji. Wako wenye mtindio wa ubongo, ambao misuli iliyokaza tangu utotoni imevuta nyonga hadi ikatoka mahali pake. Wako waliozaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani. Wako walioangukia moto wa mafiga, wakabaki na makovu yaliyokunja kiwiko au vidole visinyooke. Kila mmoja ana daktari wake na kisu chake, lakini wote hurudi kwenye vilima vile vile, mvua ile ile na mama yule yule.

Kwa upande wa kisu, eneo hili halikunyimwa kabisa. Tenwek, hospitali iliyo karibu na mji wa Bomet, ilianzishwa na wamishonari wa World Gospel Mission mwaka 1937. Ilihudumiwa na wauguzi kwa miaka mingi hadi Dkt Ernest Steury alipofika mwaka 1959, na leo inafunza madaktari wapasuaji. Litein kuna hospitali ya AIC, na hospitali za kaunti ziko Longisa, Kapkatet na Kericho mjini. Upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo wa watoto ndio unaowatoa wazazi wengi nje. Wengine huelekea Eldoret, ambako hospitali ya watoto ya Shoe4Africa ilifunguliwa mwaka 2015 chini ya Hospitali ya Rufaa ya Moi. Wengine hupita Narok na Mai Mahiu hadi Kijabe. Huko hospitali ya CURE ya mifupa ya watoto ilifunguliwa mwaka 1998, na huko ndiko BethanyKids, shirika lililoanzishwa na Dkt Richard Bransford, limepasua watoto wa mgongo wazi na kichwa maji kwa zaidi ya miaka 20.

Safari ya kwanza familia huimudu, hata kwa kuuza ndama. Ya pili, ya tatu na ya saba ndizo zinazoshinda. Mtoto mwenye plasta ya kiuno hapandi bodaboda, kwa sababu miguu yake imetanuliwa na haikunjiki. Lazima likodiwe gari la Probox, kiti cha nyuma kilazwe, na abiria ambao wangechangia nauli hawapo. Tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi haijui kwamba wiki hiyo ni ya kuchuma.

Na kuchuma hakuahirishiki. Mkulima mdogo anayepeleka majani kwa kiwanda cha KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, huchuma majani mawili na chipukizi kila baada ya siku 7 hadi 14, kutegemea mvua. Yakipita hapo hukomaa, na kwenye kituo cha kupimia majani hayapokelewi. Malipo huja kila mwezi kwa kilo, kisha bonasi karibu mwezi wa Oktoba. Wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ile ya Murang'a au Kirinyaga. Kwa hiyo nyumba nyingi hukaa mwaka mzima na madeni yanayosubiri Oktoba, na upasuaji wa mtoto ukiangukia Machi, kila kitu hufanywa kwa mkopo.

Upande wa pili uko kwenye mashamba makubwa ambayo Brooke Bond na James Finlay walianza kuyapanda miaka ya 1920, na ambayo miaka hii ya karibuni yamebadilisha wenye mali. Mchumaji wa huko huishi kwenye laini, katika nyumba ya kampuni, na hulipwa kwa kilo alizopimiwa. Zamani kampuni hizo zilijenga zahanati na hospitali za wafanyakazi wao, jambo ambalo mkulima mdogo hakulipata, na hilo halipaswi kupuuzwa. Lakini nyumba inakwenda na kazi. Mama akikaa na mtoto wiki sita bila kwenda shambani, anahofia mshahara na paa kwa pamoja. Tena nafasi zenyewe zinapungua: mashine za kuchuma zimeingia, na Mei 2023 hasira zilifika hadi baadhi ya mashine hizo zikachomwa moto Kericho. Mwanamke anayejua kwamba nje kuna mashine inayomsubiri achoke hawezi kuomba ruhusa kwa urahisi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye malipo kamili. Inampa pia likizo ya ugonjwa, angalau siku 7 za malipo kamili na 7 za nusu malipo, lakini hiyo ni yake mwenyewe akiugua. Likizo ya kumuuguza mtoto aliyepasuliwa sheria hiyo haikuiweka. Anachobakiwa nacho ni likizo ya mwaka, ikiwa hajaimaliza, na huruma ya msimamizi.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana huko ndiko mambo yaliko.

Chukua mtoto wa miaka sita mwenye mtindio wa ubongo aliyerudishwa nyonga mahali pake. Plasta yake huanzia karibu na kifua, hushuka kiunoni na kufuata miguu yote miwili, na mara nyingi katikati ya mapaja huwekwa kijiti cha kuishikilia. Uwazi umeachwa sehemu za siri ili aweze kujisaidia. Muuguzi wa wodini amemweleza mama mambo mengi kwa haraka siku ya kuruhusiwa: asimnyanyue kwa kile kijiti, maana plasta itavunjika, amgeuze kila saa mbili usiku na mchana, tumbo, mgongo, ubavu, atazame vidole vya miguu kama vina rangi na joto, asiingize mwiko wala kijiti mtoto akiwashwa ndani, anuse ukingo wa plasta, kwa sababu harufu mbaya hutangulia kidonda kuonekana. Ukingo ufunikwe nailoni ili mkojo usiingie. Plasta ikilowa imeharibika.

Yapeleke maelekezo hayo Konoin au Belgut mwezi wa Aprili. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na hupata mvua sehemu kubwa ya mwaka; ndiyo maana chai inastawi. Nyumba ina unyevu, blanketi halikauki, na mtoto aliyevaa plasta nzito hatolewi nje kuota jua bila watu wawili wa kumbeba. Choo ni cha shimo, kiko chini ya kilima. Mtoto hujisaidia kitandani kwa beseni, na mama humsafisha kwa maji aliyoyabeba kutoka mtoni au kwenye tangi. Kitanda kilichokuwa cha watoto watatu sasa ni cha mmoja, na wawili wanalala sakafuni. Haya ni ya kawaida kabisa kwa nyumba ya namna hiyo, na ndiyo yanayoamua kama nyonga itashika.

Kisha kuna maumivu. Mtoto wa mtindio wa ubongo hupatwa na misuli kukaza ghafla baada ya upasuaji wa mifupa, na kila ikikaza huvuta pale palipokatwa. Mwingine hawezi kusema panauma wapi. Mama hujifunza kusoma dalili ambazo hakuna fomu ya hospitali iliyo na nafasi ya kuziandika: anasaga meno, amekataa uji, kilio chake kimebadilika sauti, amekuwa mkimya kuliko kawaida. Ukweli huu ningependa kila daktari auchukulie kwa uzito. Mama wa mtoto asiyesema anapodai kwamba mwanawe hayuko sawa, hicho ni kipimo. Kumjibu kwamba watoto kama hawa hulia tu ni kosa la kitabibu, na nimesikia wazazi wengi wakieleza kwamba waliwahi kujibiwa hivyo.

Chakula nacho kina habari yake. Kidonda hufungwa na protini, na damu iliyopotea hurudishwa na madini ya chuma. Nyumba za huku zina maziwa, mursik, mayai, maharagwe, managu na sagaa, kwa hiyo si lazima kununua dawa ya nguvu ya chupa. Lakini zina chai pia, asubuhi, saa nne, mchana na jioni, na mtoto mgonjwa ndiye hupewa nyingi zaidi kwa sababu ni moto na tamu. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza chuma kilicho kwenye mboga na nafaka. Mtoto aliyetoka chumba cha upasuaji akiwa na damu pungufu apewe uji pamoja na mlo, na chai isubiri saa moja au mbili. Jambo hilo halihitaji senti, na ni la kuambiwa tu.

Kwa mtoto wa mgongo wazi, muda wenyewe ni tofauti. Hapa hakuna wiki sita. Mgongo hufungwa mapema iwezekanavyo, siku chache baada ya kuzaliwa, kabla vijidudu havijapanda hadi kwenye ubongo. Mtoto hulazwa kifudifudi mpaka kidonda kishike. Kisha mama hufundishwa kupima mzingo wa kichwa kwa utepe, kwa sababu maji huanza kujaa mara nyingi baada ya mgongo kufungwa. Kichwa kikikua kupita kiasi, huwekwa mrija wa shanti, unaoteremsha maji kutoka kichwani hadi tumboni kwa njia ya chini ya ngozi. Mrija huo huokoa maisha. Pia huziba, huhama au huingiwa na vijidudu. Hata katika nchi tajiri, karibu nusu ya mirija hii huharibika ndani ya miaka miwili ya kwanza. Dalili ni kutapika, usingizi usio wa kawaida, utosi uliovimba, macho yanayozama kama yanatazama chini. Mzazi aliye Nairobi ana saa chache za kufika. Mzazi aliye mteremkoni Chepalungu, usiku, mvua ikinyesha, ana hesabu nyingine kabisa.

Hesabu hiyo ndiyo iliyomsukuma Dkt Benjamin Warf, Mmarekani aliyefanya kazi katika hospitali ya CURE ya Mbale, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwanza alionyesha kwamba mrija wa bei nafuu kutoka India, uliogharimu kama dola 35, ulifanya kazi sawa na ule wa dola 650. Kisha akaendeleza njia ya kutoboa sakafu ya chemba ya ubongo kwa kamera ndogo na kuchoma tishu zinazotengeneza maji, ili watoto wengi wasihitaji mrija kabisa. Mwaka 2017 matokeo ya majaribio ya Mbale yaliyolinganisha njia hiyo na mrija kwa watoto 100 hayakuonyesha tofauti kubwa ya ukuaji wa akili baada ya mwaka mmoja. Wengine wangesema basi ni mamoja. Kwa familia iliyo mbali na hospitali si mamoja hata kidogo: mtoto asiye na mrija hategemei bomba linaloweza kuziba saa nane za usiku. Warf alianza na nyumba ambayo mtoto angerudi, kisha akachagua upasuaji. Somo hilo la Mbale naliona kubwa kuliko chombo chenyewe.

Mrija wa kichwa ukishatulia, inabaki kazi isiyozungumzwa mbele za watu. Mishipa inayoongoza kibofu cha mtoto wa mgongo wazi mara nyingi haifanyi kazi. Mkojo hubaki ndani, hurudi juu na kuharibu figo, na figo ndizo zinazoweza kumuua mtoto huyu akiwa kijana, wakati kila mtu ameshasahau mgongo. Dawa yake ni kumtoa mkojo kwa mpira mwembamba kila saa tatu au nne. Tangu Dkt Jack Lapides wa Michigan alipoonyesha mwaka 1972 kwamba usafi wa sabuni na maji unatosha, mama yeyote anaweza kuifanya kazi hiyo jikoni kwake, na mtoto akikua akajifanyia mwenyewe. BethanyKids huwafundisha wazazi Kijabe na kwenye kliniki zake za kuzunguka. Lakini kila saa tatu ni ratiba ambayo mchumaji hana. Kutoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, kuchuma, kusubiri kwenye foleni ya mizani kituoni, kurudi saa tisa: katikati ya hapo mtoto angepaswa kutolewa mkojo mara mbili. Nani atafanya? Nyanya, kama macho yake bado yanaona vizuri. Vinginevyo ni dada mkubwa.

Huyo dada mkubwa ndiye ninayemwonea uchungu zaidi katika habari hii yote. Hakuna mtu aliyekaa kikao na kuamua aache shule. Alianza kwa kukosa Jumatatu moja kwa sababu mama alikwenda kliniki. Kisha ikawa siku za kuchuma. Ana miaka 11, anajua kuosha kidonda, anajua kubadilisha pampasi bila mtoto kulia, na matokeo yake darasani yanashuka bila mwalimu kujua sababu. Ulemavu wa mtoto mmoja huchukua masomo ya wawili pale nyumba inapoachwa peke yake, na mara nyingi wa pili huwa msichana.

Baba yuko wapi? Haki kwanza: wapo wanaume wa huku wanaombeba mtoto mgongoni hadi barabarani, wanaolala chini ya kitanda cha wodi, wanaojifunza mpira wa mkojo sawa na mama. Nao huchekwa na wenzao, na wanastahili heshima yetu kubwa. Lakini wapo pia wanaosikiliza minong'ono kwamba mtoto ni laana iliyokuja na mwanamke, wakahamia mjini, wakabaki kutuma pesa hadi siku wanapoacha kutuma. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya malezi ya wazazi wote wawili, na wajibu wao ni sawa, wawe wameoana au la. Hilo mchungaji na mzee wa mtaa wanaweza kulisema kwa sauti kubwa kuliko walivyozoea. Laana haikufunua mgongo wa mtoto yeyote.

Jirani naye huja na swali lake moja: anatembea sasa? Kwa mtoto wa nyayo zilizopinda, jibu mara nyingi ni ndiyo. Njia ya Dkt Ignacio Ponseti hunyoosha nyayo kwa plasta za kila wiki na mkato mdogo wa kano, bila upasuaji mkubwa. Lakini baada ya hapo kuna viatu vilivyounganishwa kwa ufito, vya kuvaliwa saa 23 kwa siku miezi mitatu ya kwanza, kisha usiku hadi mtoto afikishe miaka minne hivi. Mtoto akilia, nyanya akaona huruma, akavivua, mguu unarudi. Kwa mtoto wa nyonga au wa mgongo wazi, jibu laweza kuwa hapana, wala halikuwa lengo. Lengo lilikuwa akae bila maumivu, aoshwe bila kulia, asichubuke vidonda vya makalio, akae sawasawa kwenye kiti cha magurudumu. Familia ambayo haikuelezwa hivyo kabla ya kisu huona imedanganywa, na iliyodanganyika hairudi kliniki. Daktari aliyeahidi kidogo na kueleza vizuri amekwisha kutibu nusu.

Hata kiti chenyewe kina maneno yake. Kile cha hospitali, chenye magurudumu madogo mbele, huzama kwenye udongo mwekundu hatua ya tatu kutoka mlangoni. Vilima hivi vinataka kiti cha magurudumu matatu, lile la mbele likiwa kubwa na limesogezwa mbele. Watengenezaji wapo nchini. Chama cha APDK kimewahudumia Wakenya wenye ulemavu wa viungo tangu mwaka 1958, na karakana zake hutengeneza viti. Kutoa kiti cha sakafu ya saruji kwa mtoto wa Konoin, kisha kupiga picha ya makabidhiano, ni kumwacha pale pale alipokuwa.

Serikali inasemaje? Inasema mengi. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na mkulima mdogo hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo baada ya kipato chake kukadiriwa. Kwa mtu ambaye kipato chake kikubwa huja Oktoba, mkupuo huo ni mzito miezi mingine yote. Mei 2025 Rais William Ruto alitia sahihi Sheria ya Watu Wenye Ulemavu iliyofuta ile ya mwaka 2003. Mpango wa serikali wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, kwa zile zilizoorodheshwa. Sidharau hata moja kati ya hizo. Ila hakuna inayolipa siku ambayo mama hakuchuma, na shilingi 2,000 zikishatoa Probox ya kwenda na kurudi kliniki ya mbali, pampasi za mwezi hazimo.

Kuna eneo ambalo lawama inapaswa kuelekezwa mapema zaidi, kabla ya mtoto kuzaliwa. Mfereji wa neva unaokuja kuwa uti wa mgongo hufungika ndani ya siku 28 baada ya mimba kutungwa, kabla wanawake wengi hawajajua wamebeba. Utafiti ulioongozwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, uliotolewa mwaka 1991, ulionyesha kwamba asidi ya foliki inayomezwa kabla ya mimba ilipunguza kwa asilimia 72 kurudia kwa tatizo hili kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto wa namna hiyo. Kenya iliamuru mwaka 2012 kwamba unga wa mahindi na wa ngano unaofungashwa viwandani uongezwe vitamini na madini, foliki ikiwemo. Uamuzi mzuri, lakini nyumba nyingi za Bomet na Kericho hazinunui unga wa pakiti. Zinavuna mahindi yao na kuyapeleka kwenye kinu cha posho pale senta, na kinu hicho hakiongezi kitu. Vidonge vya foliki hutolewa kliniki ya wajawazito, ambako wengi hufika mimba ina miezi minne au mitano. Wakati huo mgongo umekwisha kufungika au kukosa kufungika. Dawa ya kifafa aina ya valproeti nayo huongeza hatari, na msichana anayeimeza anapaswa kuambiwa hivyo kabla hajafikiria mtoto.

Mama aliyezaa mtoto wa mgongo wazi na anayetaka mwingine asisubiri kliniki ya mimba. Aende hospitali kabla, aombe foliki ya kiwango cha juu, miligramu 4 au 5 kwa siku, na aendelee nayo hadi mwisho wa mwezi wa tatu wa mimba. Kaunti za Kericho na Bomet zingeweza kuanza na wanawake hawa, kwa kuwa hospitali zina majina yao.

Zingeweza pia kuwatumia watu ambao tayari wapo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000, kila mmoja na mfuko wa vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Wanajua njia ya kila boma. Mtoto akiruhusiwa Tenwek, Eldoret au Kijabe, jina lake lingepaswa kumfikia mhudumu wa kijiji chake siku hiyo hiyo, pamoja na karatasi moja ya dalili za hatari kwa lugha ya nyumbani. Mtaalamu wa mazoezi wa Longisa au Kapkatet angepaswa kumwona wiki inayofuata, ili familia isisafiri hadi Kijabe kwa jambo linaloweza kufanywa kilomita 15 kutoka mlangoni. Bima ilipe nauli ya kliniki kama inavyolipa dawa. Na kampuni za chai, ambazo hununua mikono ya wanawake hawa kwa kilo, ziwape angalau wiki mbili za malipo mtoto wao anapofanyiwa upasuaji mkubwa. Chai haitapungua kikombeni kwa ajili hiyo.

Haya yanaweza kuchukua miaka, na plasta haichukui miaka. Huku kokwet, ule ujirani wa kijiji, bado ipo, na mizani ya kituo iko karibu. Msomaji unayeishi Sotik, Bureti, Ainamoi au popote kwenye vilima hivi: kama jirani yako amerudi na mtoto aliyepasuliwa, usiishie kumpelekea sukari na pole. Muulize siku yake ya kuchuma ni lini, nenda na kikapu chako, na majani yakifika kituoni yapimwe kwa namba yake.